Likizo Si Kitu cha Kuuza



Siku moja wakati wa mapumziko ya saa sita, picha moja ilizunguka mikononi mwetu pale kiwandani. Mwenzetu mmoja alitumiwa na mdogo wake anayefanya kazi Uingereza. Ndani ya picha kuna gari kuukuu, juu ya paa lake zimefungwa mbao ndefu nyembamba, na nyuma yake kuna mlima mweupe kwa theluji. Watoto wawili wamesimama kando ya gari, wamevishwa makoti mazito, wanacheka. Hizo mbao, yule ndugu alieleza, huitwa skii. Watu huzifunga miguuni na kuteleza nazo juu ya theluji, kutoka juu ya mlima mpaka chini.

Mmoja wetu akasema: "Hayo ni mambo ya matajiri. Mrudishie picha yake, kengele inalia."

Lakini picha ile ilikuja na barua, na barua tuliisoma mara mbili. Yule ndugu si tajiri. Anasafisha sakafu katika hospitali, na mke wake anapika katika shule. Alieleza kwamba walianza kuweka akiba miezi kumi kabla ya safari. Waligawana gari na jamaa nyingine, watu wanne wakubwa na watoto watatu. Walichagua meli ya usiku ya kuvuka kutoka Dover kwenda Calais, kwa sababu nauli ya usiku ilikuwa ndogo. Waliepuka wiki ambazo watu wote husafiri na bei hupanda. Chakula walibeba katika masufuria kutoka nyumbani, na huko mlimani walipika wenyewe katika nyumba waliyoipanga jamaa mbili pamoja. Zile mbao waliazima, na makoti walinunua ya mitumba.

Tulipomaliza kuisoma barua ile tulinyamaza kidogo. Theluji hatukuitamani. Jambo lililotugusa ni kwamba mtu wa mshahara mdogo, mwenye watoto, alikaa chini na mke wake wakapanga kupumzika, kama vile sisi tunavyopanga harusi au matanga. Tukajiuliza: Je, sisi wafanyakazi wa Bujumbura, likizo zetu tunazifanyia nini?

TUNAFANYA NINI NA LIKIZO ZETU?

Tuseme ukweli, ndugu. Wengi wetu tukipata konji tunafanya mojawapo ya mambo matatu. Wa kwanza anamwendea bwana mkubwa na kumwambia: "Nipe pesa, siku zangu zibaki." Wa pili anachukua siku zake, lakini kesho yake yuko Buyenzi au Kamenge anatafuta kibarua cha kubeba matofali, mpaka siku ya kurudi kiwandani amechoka kuliko alivyoondoka. Wa tatu anakaa nyumbani, anahesabu madeni, na kama akisafiri, anasafiri peke yake kwenda kuzika mtu.

Hatuwalaumu. Tumbo halina likizo. Bei ya mchele na ya mafuta ya kupikia inapanda na mshahara umesimama pale pale. Mtu anayeuza siku zake za kupumzika hauzi kwa furaha. Lakini hatuna budi kujua tunauza kitu gani.

Likizo yenye malipo si sadaka ya patroni. Ni sehemu ya mshahara wetu, ila inalipwa kwa siku badala ya franki. Sheria ya Kazi ya Burundi ya 1993, na ile iliyoirekebisha mwezi wa Novemba 2020, zinaitambua haki hiyo. Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba wake namba 132 wa mwaka 1970, liliweka kipimo cha chini cha wiki tatu za kazi kwa mwaka. Mkataba huo huo unasema kwamba mapatano yoyote ya mfanyakazi kuiacha likizo hiyo ya chini ili alipwe pesa ni batili, au yakatazwe. Kwa nini waliandika hivyo? Kwa sababu walijua kwamba mnyonge akiruhusiwa kuuza mapumziko yake atayauza kila mwaka, na baada ya miaka michache mapumziko yatakuwa ya wenye nacho peke yao.

Wala haki hii haikuanguka kutoka mbinguni. Huko Ufaransa, wafanyakazi walipata wiki mbili za likizo yenye malipo kwa sheria ya mwezi wa Juni 1936, baada ya mgomo mkubwa ambao wafanyakazi walikaa ndani ya viwanda vyao na kuvifunga. Mwaka huo huo serikali yao ilitoa tikiti ya treni ya bei nafuu kwa wafanyakazi waendao likizo, na watu ambao hawakuwahi kuiona bahari wakaenda kuiona, baba, mama na watoto. Kabla ya hapo bahari ilikuwa ya mabwana.

Basi tukiuza siku zetu tunauza kitu ambacho wenzetu walikipigania kwa njaa.

BARABARA TULIYOIJUA KWA KUKIMBIA

Kuna jambo jingine, na hili ni letu sisi watu wa nchi hii. Ukimwuliza mzee wa Buyenzi au wa Rumonge ni lini jamaa yake yote ilipanda gari pamoja kisha ikapanda chombo cha majini, mara nyingi atakutajia mwaka mmoja kati ya hii: 1972, 1993, 2015. Yaani atakutajia mwaka wa kukimbia.

Mwezi wa Mei 2015, maelfu ya wakimbizi walijaa katika kijiji kidogo cha Kagunga, upande wa Tanzania, mpakani kabisa, kati ya mlima na maji. Meli ya zamani Liemba ndiyo iliyowachukua, safari baada ya safari, mpaka Kigoma. Wengine wetu tulikuwa ndani ya meli ile. Wengine tuliwaweka watoto wetu ndani yake, sisi tukabaki. Mtoto aliyekuwa na miaka sita wakati ule amekwisha kuwa kijana. Ukimtajia ziwa, anakumbuka kiu na kipindupindu.

Meli hiyo hiyo ina habari ndefu. Wajerumani waliiunda mwaka 1913 huko Papenburg, wakaileta vipande vipande, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 waliizamisha wenyewe ili adui asiipate. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Iliundwa kwa ajili ya utawala wa kikoloni, ikaingizwa vitani, lakini kwa miaka mingi ilibeba wachuuzi wa ndagala, wanafunzi na mabibi harusi. Wazee wetu wanakumbuka ilivyokuwa ikifika mpaka bandari ya Bujumbura. Chombo ni kile kile, kazi yake ndiyo iliyobadilika.

Na sisi tunasema kwamba njia hii ya barabara na maji inaweza kubadilika vilevile katika vichwa vya watoto wetu. Mtoto aliyevuka kwa kukimbia anastahili kuvuka tena akiwa ameshiba, mkono wa baba yake umemshika, na tarehe ya kurudi nyumbani inajulikana. Hilo si anasa.

TULIVYOSAFIRI SISI

Mwezi wa Agosti 2024, jamaa nne za tawi letu, watu wakubwa wanane na watoto kumi na mmoja, tulikwenda Kigoma na Ujiji kwa siku saba. Tunaeleza hapa tulivyopanga, na tulivyokosea, ili wengine wasianze gizani.

Tulianza mwezi wa Novemba 2023. Kila jamaa ilitoa mchango mdogo siku ya mshahara, kabla ya kulipa kitu kingine chochote. Sanduku lilikuwa na funguo mbili, moja kwa mweka hazina, nyingine kwa mama mmoja asiyefanya kazi kiwandani kwetu. Daftari lilisomwa mbele ya wote kila mwezi. Tulikubaliana mambo mawili tangu mwanzo: hakuna kuazima ndani ya sanduku, na hakuna mtu kwenda safari kwa avansi ya mshahara. Safari ya deni si mapumziko. Ukirudi utaifanyia kazi mwaka mzima, na patroni atakuwa amekushika shingo.

Gari tulikodi moja tu, Hiace kuukuu, kwa kwenda na kurudi. Watu kumi na tisa pamoja na dereva ndani ya Hiace, watoto wadogo magotini, kwa kweli tulijibana, na hapo tulifanya vibaya. Siku nyingine tutachukua jamaa tatu. Njia yetu ilikuwa hii: Bujumbura, Rumonge, Nyanza-Lac, Mabanda, mpaka wa Mugina, kisha Manyovu na Kigoma. Kutoka mjini hadi Rumonge ni karibu kilomita 75, barabara inafuata ziwa. Watoto waliona jinsi maji yalivyokula nyumba na mashamba katika miaka ile ziwa lilipopanda. Kutoka Manyovu hadi Kigoma ni lami, karibu kilomita 60.

Somo moja la bure tulilipata njiani. Kusini kidogo ya Bujumbura, pale Mugere, tulisimama kwenye jiwe ambalo Livingstone na Stanley walifika tarehe 25 Novemba 1871. Siku mbili baadaye, huko Ujiji, tulisimama mahali walipokutana watu hao wawili mwezi huo huo. Mtoto mmoja akauliza: "Na wale waliowabebea mizigo, jiwe lao liko wapi?" Sisi wakubwa tuliangaliana. Hilo ndilo swali la mtoto wa mfanyakazi.

Sasa hesabu. Katika kila franki 100 tulizotumia, 45 zilikwenda kwenye gari na mafuta. Chakula kilichukua 20, karatasi za kusafiria za watu wote 15, nauli za boti na safari ndogo ndogo 12, na 8 zilikuwa akiba ya ugonjwa. Malazi hayamo, kwa sababu tulilala kwa ndugu. Buyenzi na Ujiji ni jamaa moja tangu zamani, lugha ni moja, na wengi wetu tuna shangazi au mjomba upande ule. Lakini wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa hiyo tulibeba mchele wa Imbo, maharagwe na mafuta ya mawese ya Rumonge, tukamkabidhi mwenyeji mlangoni kabla ya kukaa. Siku ya tatu wanaume tulimtengenezea paa la jiko. Hakuna aliyetuangalia kwa jicho baya.

Makosa yetu yalikuwa mawili. La kwanza ni mafuta ya gari. Nchi ilikuwa katika uhaba mkubwa wa petroli, nasi tulipatana bei na dereva bila kuandika nani atabeba hasara mafuta yakipanda. Siku mbili kabla ya kuondoka akatuongezea bei, na akiba ya ugonjwa ikapungua kabla hatujafunga mizigo. Siku nyingine tutaandika mapatano kwenye karatasi, na mafuta ya kwenda yatanunuliwa polepole mapema, kadiri sheria inavyoruhusu. La pili ni karatasi. Jamaa moja ilikuwa na mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa, nasi tulikuja kugundua wiki ya mwisho. Bila mjumbe wetu kukimbia huku na huku katika maofisi, mtoto yule angebaki. Kwa hiyo, ndugu, karatasi ndiyo kazi ya mwezi wa kwanza, si ya mwezi wa mwisho. Uliza mapema katika ofisi ya uhamiaji karatasi gani inakubaliwa mpakani kwa mkubwa na kwa mtoto, na uangalie kadi za chanjo ya homa ya manjano.

RAHISI IWE KWENYE SUFURIA, SI KWENYE CHOMBO

Siku ya nne tulitaka kuwapeleka watoto majini, kutoka ufuko wa Kibirizi hadi kijiji cha Mwamgongo, upande wa kaskazini wa hifadhi ya Gombe, ambako mke wa mwenzetu ana kaka yake. Boti za mbao zenye mashine huenda huko. Ya kwanza tuliyoipata ilikuwa na nauli ndogo sana, nasi tukafurahi, tukalipa nusu. Tulipotaka kupanda tuliona saruji, mabati, mapipa na watu wamekwisha kujaa, na maji yako karibu na ukingo. Makoti ya kuelea yalikuwa manne tu.

Tukabishana sisi kwa sisi pale mchangani. Wengine walisema: "Kila siku wanakwenda hivi hivi." Wengine walisema pesa imekwisha kutolewa. Mama mmoja akamaliza maneno: akawashika watoto wake wawili, akakaa juu ya mchanga, akasema yeye hapandi. Wote tukakaa. Nusu ya nauli ilipotea, na tulirudi kulala Ujiji. Kesho yake alfajiri tulipata boti nyingine, ghali zaidi, yenye koti kwa kila mtu. Ziwa lilikuwa limetulia, na watoto waliona nyani wakitembea ufukoni chini ya misitu ya Gombe.

Ile boti ya kwanza ilifika salama. Walitucheka kule kijijini. Hatujutii hata kidogo.

Tunasema hivi kwa sababu tunajua habari za maji ya Afrika ya Mashariki. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya Bukoba ilizama katika ziwa Viktoria karibu na Mwanza, mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa kufika kisiwa cha Ukara, wakafa zaidi ya watu 220. Mara zote mbili chombo kilikuwa kimebeba kupita kiasi. Ziwa letu Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, na katika miezi ya kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini huinua mawimbi makubwa. Ukiwa umechagua kiangazi kwa sababu barabara ni kavu na watoto hawako shuleni, basi safiri majini alfajiri.

Kwa hiyo kanuni yetu ni moja. Punguza kwenye sufuria, punguza kwenye malazi, punguza kwenye nguo. Usipunguze kwenye chombo. Na yule anayetamani kuwaonyesha watoto wake meli Liemba aulize kwanza bandarini Kigoma kabla ya kupanga, kwa kuwa katika miaka ya karibuni meli hiyo ilisimama kwa matengenezo. Usijenge safari ya mwaka mzima juu ya tikiti ambayo hujaishika mkononi.

NA MAMA JE?

Tuliporudi tulifanya mkutano wa hesabu. Akina baba tulisema safari ilikuwa nzuri, tumepumzika. Ndipo mama mmoja akauliza: "Nani amepumzika? Mimi nimepika Bujumbura, nimepika njiani, nimepika Ujiji. Tofauti ni kwamba Ujiji nilipika kwa kuni za mtu mwingine."

Hatukuwa na jibu. Sisi tunaosimama kwenye mikutano na kusema kwamba mfanyakazi si punda, tulikuwa na punda nyumbani bila kumwona. Tumekata shauri kwamba safari ijayo kutakuwa na zamu ya jikoni iliyoandikwa, wanaume wakiwamo, siku kwa siku, na nakala itabandikwa mlangoni. Atakayeona aibu kupika mbele ya wakwe, abaki nyumbani alinde kuku.

WENZETU WA MASHAMBANI

Msomaji wa Teza au Rwegura atasema: hayo ni ya watu wa mjini wenye ndugu Ujiji, mimi navuna chai, sina shangazi huko. Sawa kabisa, na tunataka kuongea nawe.

Mvunaji wa chai anaishi katika baridi na ukungu, na watoto wake wengi hawajawahi kuingiza mguu katika Tanganyika. Mtoto wa Buyenzi naye anakua katika joto na vumbi, na hajawahi kuona mvua ya mawe ikifunika kilima mpaka kikawa cheupe. Theluji yetu ndiyo hiyo, ndugu, na haina haja ya kuvuka bahari. Kwa nini matawi yetu yasibadilishane nyumba? Jamaa tatu za kiwandani zipande mlimani kwa siku tano, zilale kwa wavunaji wa chai. Mwezi unaofuata jamaa tatu za chai ziteremke ziwani, zilale kwetu. Gharama itakuwa gari na chakula tu. Na tukilala katika nyumba za wenzetu tutajua mishahara yao na taabu zao vizuri kuliko kwa ripoti kumi.

Lakini kuna walio chini zaidi, nao ni vibarua wa siku: wa chai, wa michikichi ya Rumonge, wa mpunga wa Imbo. Mtu anaweza kufanya kazi shamba moja miaka minane na bado akaitwa wa siku. Kila asubuhi anaajiriwa upya, kila jioni anaachishwa, ili siku za likizo zisihesabiwe. Kumwambia mtu huyu apange safari ni kumdhihaki. Kwake yeye kupanga kunaanza na kuandikwa kuwa mfanyakazi. Kwa hiyo hatuwezi kusema habari za likizo zetu bila kudai za kwao. Tukinyamaza, patroni atasema wazi: hata nyinyi nitawafanya wa siku.

TUNAPENDEKEZA NINI?

Katika Uswisi, nchi yenye milima ya theluji kuliko nyingi, mwaka 1939 vyama vya wafanyakazi, pamoja na waajiri na watu wa utalii, waliunda mfuko wa safari uitwao Reka. Mfanyakazi alinunua stempu za safari kidogo kidogo, kwa bei iliyopunguzwa, akazibandika, na wakati wa likizo akalipia nazo treni na malazi. Mfuko huo upo mpaka leo. Wafanyakazi wa Uswisi hawakungoja mishahara iwe mikubwa ndipo wapumzike. Walipanga pamoja, na chama kikasimama nyuma yao.

Sisi tunajua kuchangiana. Hakuna mtaa wa Bujumbura usio na mchango wa kupokezana kila mwezi. Tunachangia maiti, tunachangia bibi harusi, tunachangia mtoto aliyefaulu. Basi tuchangie na pumziko. Tunapendekeza kwa matawi yote mambo haya:

Kwanza, kila tawi lifungue sanduku la safari, lenye funguo mbili na daftari la wazi, na akina mama wawe katika uongozi wake.

Pili, wajumbe wetu wadai kwamba tarehe za likizo zitangazwe miezi mitatu kabla, na malipo ya likizo yatolewe kabla mtu hajaondoka. Huwezi kukodi gari kwa siku usiyoijua.

Tatu, tusikubali tena kuuza siku. Mwenye shida aje kwenye sendika kwanza, tuangalie pamoja njia nyingine. Na sendika nayo iwe na kitu cha kumpa, isije ikampa maneno matupu.

Nne, matawi ya viwanda na ya mashamba yaandikiane, yaanze kubadilishana nyumba, hata kwa jamaa moja moja.

Tano, katika kila mazungumzo na waajiri, suala la vibarua wa siku liwe juu ya orodha.

Wapo watakaosema kwamba wakati huu wa bei kali si wakati wa kuzungumza habari za safari. Tunawajibu kwamba wakati mzuri hatujawahi kuuona. Baba zetu walingoja wakati mzuri, wakafa na siku zao za konji zikiwa zimeuzwa. Hatudai hoteli, wala hatudai theluji ya Ulaya. Tunadai siku zetu tulizokwisha kuzifanyia kazi, tuwe pamoja na watoto wetu katika barabara na juu ya maji, kisha turudi kazini tukiwa watu.

Yule ndugu wa Uingereza tumemjibu. Tumempelekea picha yetu: Hiace chini ya michikichi ya Rumonge, paa limejaa masufuria, na watoto kumi na mmoja wanacheka. Tumemwambia kwamba sisi pia tumeanza kuweka akiba kwa ajili ya mwaka ujao, na kwamba zamu ya kwanza ya jikoni ni ya mweka hazina.

Haba na haba hujaza kibaba. Umoja ni nguvu.